Bwana Nyinginezo

Pale stendi ya pikapu za kukodi, nyuma ya bohari za mbao, kuna mabenchi matatu. Benchi la kwanza ni la wenye Pembe, nao wamelipaka rangi nyekundu na kulichora zile pembe mbili zilizo kwenye boneti za magari yao. Benchi la pili ni la wenye Almasi, nalo lina mto wa sponji, maana wenye Almasi wanapenda makuu. Benchi la tatu lina mtu mmoja. Ni benchi refu, na mtu mmoja akilikalia ukingoni linainuka upande wa pili, kwa hiyo yeye amejifunza kukaa katikati kabisa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Huyo ndiye Bwana Nyinginezo.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na gazeti. Kila mwanzo wa mwaka gazeti hutoa ukurasa mzima wa magari yaliyouzwa mwaka uliopita: pikapu za Pembe ngapi, za Almasi ngapi, na chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, mstari mmoja ulioandikwa "Nyinginezo". Yeye anaendesha Korongo, pikapu yenye ndege wa bati aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya boneti. Korongo hazitengenezwi tena. Wakala wake alifunga duka miaka kumi na miwili iliyopita, na tangu hapo Korongo haikupata tena mstari wake gazetini.

"Na wewe, mzee, gari yako iko wapi humu?" mtu mmoja wa Almasi alimuuliza mwaka ule, akiugonga ukurasa kwa kidole.

Yeye akautazama ukurasa wote, juu mpaka chini, akajibu kwa unyofu wake: "Nadhani niko hapa, kwenye nyinginezo."

Stendi ilicheka mpaka wapiga randa wa bohari wakazima mashine kuuliza kulikoni. Jina likamganda kama kupe.

Vita vya Pembe na Almasi pale stendi ni vya kila siku na ni vya mdomo. Wa Almasi husema Pembe inakunywa mafuta kama ndama aliyepotezana na mama yake. Wa Pembe hujibu kwamba Almasi ikiona tope huuliza kama hakuna njia nyingine. Wenye gari za aina moja wakikutana barabarani hupigiana honi mara mbili. Pembe ikikutana na Almasi, kila mmoja hutazama mbele kama wakwe waliokosana. Honi ya Bwana Nyinginezo ilikuwa nzima kabisa. Ilikosa wa kumpigia.

Na ile siku ya gazeti ina kanuni yake. Ukurasa husomwa na mama wa chai, kwa sababu yeye ana baiskeli na hana upande. Gari iliyouzwa zaidi ndiyo mshindi, na walioshindwa huwaoshea washindi magari yao pale bombani, ndani na nje, mpaka mwenye gari aweze kuhesabu meno yake kwenye boneti. Kwa muda wa miaka kumi na miwili Bwana Nyinginezo hakuwahi kushinda, wala hakuwahi kushindwa. Wenzake wakilowana na kurushiana povu, yeye alikaa benchini mwake, mkavu. Hakumwambia mtu kwamba kuna miaka alitamani walau ashindwe.

Kazi yake hasa ni kuhamisha nyumba. Wa saruji wana Pembe zao, wa nondo wana Almasi zao, lakini mtu akitaka kuhama chumba na kabati la kioo humtafuta yeye, kwa kuwa anaendesha kama aliyebeba mayai. Hivyo maisha yake yote amekuwa akibeba vitanda vya watu. Amewapandisha ghorofani maharusi wapya, mke akisema "pole pole na hiyo," mume akimalizia "kona hiyo." Amewabeba walioachana, kila mmoja na nusu ya seti ya vikombe. Mwenyewe aliwahi kuwa na mke. Waliagana zamani bila matusi, na kabati la mke huyo alilihamisha yeye mwenyewe, pole pole, bila kulikwaruza. Sasa ana chumba kimoja juu ya duka la rangi, kitanda, redio inayoshika masafa ikiwekwa dirishani tu, na viti viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kuning'inizia shati.

Rejeta ya Korongo inavuja, na mpya haipatikani kwa dawa. Kwa hiyo hatembei bila dumu la maji, lile la manjano la lita ishirini. Hulikalisha kiti cha abiria na kulifunga mkanda lisianguke kwenye kona. Stendi wanalijua.

"Mzee, shemeji yetu hajambo?" humuuliza kila asubuhi.

"Hajambo. Analia kidogo tu," hujibu, akifuta maji yaliyotoka kwenye kifuniko.

Hucheka naye, kisha hugeukia benchi lao.

Zamani benchi hilo la tatu lilikuwa na watu wawili. Yeye na mdogo wake walinunua Korongo zao katika juma moja, na mama yao alipokuja kuziona alisema gari bila maneno mgongoni ni kama mtoto aliyetoka bila kuaga. Kila mmoja akaomba methali yake. Mama akakataa. "Nawapa moja," alisema, "mgawane, kama mlivyogawana ziwa langu." Mchoraji wa mabango akaandika kwa rangi ya buluu: kwenye mlango wa nyuma wa gari ya kaka, KIDOLE KIMOJA, kwenye mlango wa nyuma wa gari ya mdogo, HAKIVUNJI CHAWA.

Siku ya kwanza waliyotoka pamoja, kaka akitangulia kama ilivyo ada ya mkubwa, watu njiani walicheka. Aliyekuwa nyuma yao alisoma kwanza HAKIVUNJI CHAWA, akaipita gari hiyo ndipo akapata KIDOLE KIMOJA. Methali ilikuwa inatembea kinyumenyume. Basi ikabidi mkubwa akubali kufuata. Kwa muda wa miaka kumi na minne, kila walipobeba mzigo mkubwa wa magari mawili, mdogo alikwenda mbele na kaka nyuma, na kaka alizijua herufi za mlango ule kuliko sura yake mwenyewe: C ilikuwa na mchirizi wa rangi, na A ya mwisho ilijibana kwa sababu mchoraji aliishiwa nafasi.

Wakala alipofunga, vipuri vikawa adimu kama meno ya kuku. Mdogo alivumilia miezi michache. Kisha siku ya gazeti akaingia stendi na Pembe nyeupe, mpya, ina karatasi za nailoni kwenye viti. Wenye Pembe wakampokea kwa honi, mara mbili, mara mbili, mpaka masikio yakauma.

Kaka yake alibaki amekaa. "Na ile nyingine iko wapi?" aliuliza.

"Nimeuza, kaka."

"Na maneno?"

"Maneno gani?"

"Maneno ya mama. Umeyauza pia?"

Hapo mambo yangeweza kuisha. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na ulimi mbele za watu huwa hauna breki. Kaka akasema: "Anayeacha chombo chake leo, kesho humwacha nduguye." Mdogo akajibu: "Chuma ni chuma, kaka. Mimi nina watoto wa kulisha. Wewe una ndege." Wakacheka pande zote mbili, Pembe na Almasi, na hicho ndicho kilichouma. Mdogo akahamia benchi jekundu, hatua ishirini tu kutoka pale. Kaka akajisogeza katikati ya benchi lake lisimwangushe.

Miaka miwili baadaye mama yao alifariki. Mdogo alimtuma jirani kusema kwamba jeneza libebwe na Pembe, njia ni mbaya na kilima ni kirefu. Kaka akamjibu jirani kwamba mama atabebwa na gari aliyoipa maneno yeye mwenyewe. Ikawa hivyo. Katikati ya kilima, jua la saa saba, Korongo ikachemka ikasimama. Moshi ukatoka mbele, na nyuma jeneza limelala kimya chini ya kitambaa cheupe. Waombolezaji wakashuka kwenye magari yao, wakasimama kando ya njia, wakitazama viatu vyao.

Mdogo alirudisha Pembe yake nyuma, akatoa kamba, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nyeusi, akafunga. Wakapanda kilima hivyo, mdogo akivuta mbele, kaka nyuma ameshika usukani wa gari iliyokufa, na mama yao nyuma ya wote wawili. Kule juu mdogo alifungua kamba, akaikunja, akaondoka nayo. Kaka alisimama, asante imemfika kooni. Ikakaa hapo. Alidhani ataisema baada ya maziko, kisha baada ya matanga, kisha wiki ijayo. Ugomvi angeweza kuumeza. Aibu ilikuwa kubwa kuliko koo. Mwaka wa kwanza ulipopita, neno lenyewe lilishakuwa zito mno kubebwa na mtu mmoja.

Sasa miaka kumi imepita hivyo. Huamkiana kwa kichwa tu, kama watu wanaopanga nyumba moja. Kila asubuhi kaka hupanda ngazi za kichwani mwake mpaka kwenye neno lile, kisha hushuka.

Mwaka huu siku ya gazeti iliangukia Jumamosi. Stendi ilijaa tangu saa mbili asubuhi. Mama wa chai alifuta mikono, akapanda juu ya kreti la soda, akafungua ukurasa. Kiongozi wa wenye Almasi, bwana mmoja mnene wanayemwita Spika, alikuwa ameshaleta ndoo yake kwa kejeli, aikabidhi upande wa pili. Wa Pembe walikuwa na yule mbeba saruji, Bwana Saruji, mwenye vumbi kwenye nyusi hata siku za mapumziko.

"Pembe," mama wa chai alisoma, "elfu tatu mia tisa na nne."

Benchi jekundu likanguruma.

"Almasi, elfu tatu mia tisa na moja."

"Rudia!" Spika alipaza sauti. "Tatu? Tumeshindwa kwa gari tatu? Mama, vaa miwani!"

"Miwani ninayo, wewe vaa aibu," mama wa chai alimjibu, watu wakaangua kicheko. "Nitausoma ukurasa wote mpaka chini, msije mkasema nimeficha."

"Chini hakuna kitu," alisema Bwana Saruji. "Chini ni nyinginezo."

Mama wa chai alikuwa ameshafika. Akasogeza gazeti karibu, akalisogeza mbali. "Nyinginezo," alisoma, "elfu nne mia mbili na kumi."

Hakuna aliyecheka. Kwa mwaka mzima bandarini zilikuwa zimeshushwa pikapu za majina mapya, ishirini na kitu, kila moja kidogo, na gazeti halikuwa na nafasi ya kuyaandika yote. Liliyamwaga yote katika mstari wa chini. Pale stendi hakukuwa na hata moja ya hizo.

Vichwa vikageuka polepole, kama feni, kuelekea benchi la tatu.

"Ah, hapana," alisema Spika. "Nyinginezo si gari. Nyinginezo ni... ni baki."

"Kanuni mliitunga nyinyi," mama wa chai alisema, akishuka kwenye kreti. "Wa kwanza anaoshewa. Mimi msomaji tu. Nyinginezo wa hapa ni nani? Si yule pale?"

"Jamani, acheni," alisema Bwana Nyinginezo. Alikuwa ameinuka bila kujua. "Gari yangu safi. Niliifuta juzi."

"Ati safi!" Bwana Saruji alishaanza kukunja suruali. "Mzee, leo utakoma. Tumekuonea miaka kumi na miwili. Leo tunakuosha na ndege wako!"

Wakamcheka, wakampokonya funguo, wakaisukuma Korongo hadi bombani kwa mikono, maana hakuna aliyeweza kuiwasha. Pembe na Almasi kwa mara ya kwanza walichota maji ndoo moja. Mmoja alifungua mlango wa abiria, akainama kwa adabu zote. "Shemeji, shuka kidogo," alisema. "Tunafanya usafi." Akafungua mkanda, akalibeba dumu mikononi kama bibi harusi, akaliketisha kwenye benchi la tatu. Wengine walimsugua ndege wa bati mpaka mguu wake ule mmoja ukang'aa. Spika alifuta vioo akinung'unika kwamba mtu mmoja amewashinda watu wote hawa.

Bwana Nyinginezo hakujua pa kuweka mikono. Aliiweka mfukoni, akaitoa. Akaenda kukaa karibu na dumu. Macho yake hayakuwa kwa waoshaji. Yalikuwa kwenye benchi jekundu, ambako mtu mmoja alikuwa amebaki.

Mdogo wake alikaa pale kwa muda. Kisha akavua viatu. Akaviweka sambamba chini ya benchi, akachukua ndoo na kitambaa, akazunguka nyuma ya Korongo, upande ambao hakuna aliyekuwa ameugusa.

Mlango wa nyuma ulikuwa umejaa masizi. Mdogo aliulowesha kwanza kwa mkono. Alipita kwenye K kwa kitambaa, taratibu, kando kando ya rangi, bila kuisugua. Akapita kwenye I. Kijana mmoja wa Almasi akaja na brashi ya waya kumsaidia, naye akaizuia kwa kiwiko bila kugeuka. Herufi zikatoka mojamoja, buluu iliyopauka, mpaka KIDOLE KIMOJA yote ikawa inachuruzika maji.

Alipomaliza alirudi kuchukua viatu, lakini miguu ilikuwa na tope, na benchi jekundu lilikuwa limejaa ndoo. Akatazama huku na huku. Akaja akakaa ukingoni mwa benchi la tatu kujifuta. Benchi likaanza kuinuka upande wa pili, na kaka yake, kwa mazoea ya zamani ambayo mwili haukuyasahau, akajisogeza ukingo wake likatulia. Dumu likawa katikati yao.

Kaka akatazama mikono yake. Mashine ya randa ilikuwa imezimwa. Hakukuwa na kelele ya kusingizia.

"Ile siku ya kilimani," alisema. Sauti ilitoka kama honi iliyokaa sana. Akakohoa. "Ile kamba."

Mdogo aliendelea kufuta vidole vya miguu, kimoja kimoja. "Ipo," alisema. "Iko nyuma ya kiti changu."

"Sikukwambia asante."

Mdogo akavaa kiatu kimoja. Akafunga. Akavaa cha pili. "Mlango wako wa nyuma bawaba imelegea, kaka," alisema. "Ya kushoto. Utakuja kuangusha kabati la mtu."

"Nimeiona."

"Basi itengeneze."

Akainuka. Kaka akawahi kurudi katikati kabla benchi halijamrusha, na watu wa Almasi wakacheka, wakidhani ni hilo tu la kucheka.

Jioni, jua bado lipo, alilirudisha dumu kwenye kiti chake, akalifunga mkanda, akaiwasha Korongo kwa jaribio la tatu. Viti vilinuka sabuni ya watu wengine. Alipoingia barabara kuu aliona Pembe nyeupe inamtokea pembeni, inampita, kama zipitavyo kila siku. Kwa kawaida, hadi yeye abadilishe gia, Pembe ile huwa imeshakuwa doa jeupe karibu na mataa.

Leo haikwenda. Ilimpita, ikaingia mbele yake, ikapunguza mwendo. Magari ya nyuma yalipiga honi kwa hasira, yakawapita, mtu mmoja akatoa mkono dirishani kuuliza kama ni msafara wa maiti. Pembe ikabaki na mwendo wa Korongo, mwendo wa mbeba mayai, mbele yake hatua chache, hadi mataa, na baada ya mataa.

Alinyanyua mkono kupiga honi, akakumbuka kwamba honi ni ya gari za aina moja. Mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha kwenye usukani.

Barabara ilibaki kidogo kabla ya njia panda, ambapo mdogo hukata kushoto kwa watoto wake na yeye hunyooka kwenda chumbani kwake juu ya duka la rangi. Mlango wa nyuma wa Pembe ulikuwa mweupe pe, hauna hata herufi moja. Yeye aliukazia macho, kutoka kushoto kwenda kulia, pole pole, akapita pale palipokuwa na C yenye mchirizi, akafika kwenye A iliyobanwa ukingoni. Akausoma hadi mwisho.